Injini ya Dizeli ya Lori: Pima Kabla ya Kufungua

Mahindi yatokayo Rukwa, saruji ipelekwayo Kigoma na mbolea ishushwayo bandarini Dar es Salaam husafiri kwa nguvu ya miwako midogo ifuatanayo upesi mno ndani ya mitungi ya chuma. Mitungi hiyo ni silinda za injini ya dizeli. Injini hiyo ikidhoofika, mwenye lori hupoteza safari, mkulima hukosa mbolea kwa wakati, na duka la kijijini hukaa bila bidhaa. Ndiyo maana lori bovu halikai sana bila kuguswa. Mara nyingi hufunguliwa papo hapo nyumbani, uani, chini ya mwembe, na fundi mwenye spana zake na msaidizi mmoja.

Mwenye lori alalamikaye kwamba gari lake limepungua nguvu na linatoa moshi aghalabu hupewa moja ya dawa mbili. Ya kwanza ni kubadili ringi za pistoni. Ya pili ni "kuifungua pampu", yaani kukaza au kulegeza skrubu ya pampu ya dizeli ili mafuta mengi zaidi yaingie katika silinda. Dawa zote mbili zaweza kufaa, na zote mbili zaweza kuiua injini. Katika makala haya tutaonyesha kwamba fizikia ifundishwayo katika shule zetu za sekondari inatosha kutuambia ni lini dawa hizo zinafaa na ni lini hazifai. Tutaonyesha pia kwamba jambo hilo laweza kujulikana kwa vipimo kabla ya boliti moja kufunguliwa.

1. Hewa iliyogandamizwa hupata joto

Mwalimu aweza kuanza somo hili kwa pampu ya baiskeli. Mwanafunzi azibe tundu la pampu kwa kidole, kisha asukume mpini kwa nguvu mara kadhaa. Mwisho wa pampu utakuwa na joto. Kazi iliyofanywa na mkono imegeuka kuwa nishati ya joto katika hewa.

Mhandisi Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliijenga injini yake juu ya jambo hili. Alipata hataza yake mwaka 1893, na mwaka 1897 huko Augsburg injini yake ilipimwa ikaonekana kugeuza kiasi cha asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Mashine za mvuke za wakati ule hazikuufikia ufanisi huo. Hata hivyo injini za kwanza zilikuwa nzito mno kuweza kubebwa na gari. Malori ya kwanza ya dizeli yalitokea Ujerumani katika miaka ya 1923 na 1924, na mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu za kusukumia dizeli. Pampu hizo ndizo zilizoiwezesha injini hii kuenea barabarani.

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni huivuta hewa tupu ndani ya silinda, kisha huigandamiza mpaka ipate joto kali. Pistoni inapokaribia kileleni, nozeli hupuliza ukungu wa dizeli ndani ya hewa hiyo, nao huwaka wenyewe.

Hebu tuchukue mfano halisi. Injini ya Perkins 6.354, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitumika katika malori, matrekta, mashua na majenereta katika nchi nyingi. Ina silinda 6. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 98.4, na mwendo wa pistoni ni milimita 127. Eneo la pistoni, basi, ni sentimita za mraba 76.1, na ujazo unaofagiwa na pistoni moja ni sentimita za ujazo 966. Kwa silinda sita tunapata lita 5.8. Tutachukua uwiano wa mgandamizo kuwa 16 kwa 1. Maana yake ni kwamba hewa iliyojaza sehemu 16 husongwa mpaka ikae katika sehemu moja tu. Nafasi hiyo ndogo ibakiayo juu ya pistoni ni 966 ÷ 15, yaani sentimita za ujazo 64.4.

Je, hewa itapata joto kiasi gani? Kwa makadirio mazuri, halijoto ya mwisho katika Kelvini ni sawa na halijoto ya mwanzo mara 16 iliyopandishwa kwa kipeo cha 0.35. Hewa ikianza na nyuzi 27 za Selsiasi, yaani Kelvini 300, itafika Kelvini 792, ambazo ni nyuzi 519. Dizeli huweza kuwaka yenyewe kwenye nyuzi 210 hadi 250 hivi. Yaonekana kuna akiba kubwa. Lakini akiba hiyo si anasa, kwani katika mwendo wa kazi mafuta hupewa takriban elfu moja na nusu ya sekunde tu kuingia, kuwa mvuke, kuchanganyika na hewa na kuwaka.

Wakati wa kuwasha injini, akiba hiyo hupunguzwa na mambo matatu. Kwanza, starta huizungusha injini polepole, tuseme mizunguko 150 kwa dakika, hivyo mgandamizo mmoja huchukua sekunde 0.2. Injini iendayo kwa mizunguko 2,400 huutimiza mgandamizo huo kwa sekunde 0.0125. Hewa, basi, hupata muda mara 16 zaidi wa kutoa joto lake kwa kuta za chuma baridi. Pili, muda huohuo huipa hewa nafasi ya kuvuja kupitia ringi na valvu zilizochakaa. Tatu, asubuhi ya mwezi wa Julai huko Njombe au Makambako, hewa huanza na halijoto iliyo chini sana. Ndiyo sababu lori liwakalo bila taabu Dar es Salaam huweza kugoma kabisa kwenye nyanda za juu. Ugonjwa haukuanzia huko. Baridi imeudhihirisha tu.

2. Tone moja la dizeli

Sasa tuyaangalie mafuta. Ili kuteketeza kilo 1 ya dizeli inahitajika hewa ipatayo kilo 14.5. Lakini mafuta ya dizeli hayapati nafasi ya kuchanganyika sawasawa na hewa yote, hivyo injini ya aina hii huhitaji akiba ya hewa. Uwiano ukishuka sana chini ya kilo 20 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta, moshi mweusi huanza kuonekana.

Katika injini ya mfano wetu, silinda moja hupata kiasi cha asilimia 85 ya ujazo wake, yaani lita 0.82 za hewa. Katika pwani, kwenye nyuzi 30, lita moja ya hewa ina tungamo la gramu 1.16. Kwa hiyo silinda ina gramu 0.95 za hewa. Tukigawa kwa 20 tunapata gramu 0.048 za dizeli, ambazo ni milimita za ujazo 57. Kiasi hicho ni kama tone moja la maji litokalo katika bomba la sindano. Tone hilo moja, likigawanywa na kuwa ukungu na kuwaka kwa wakati wake, huweza kuleta kanieneo ipatayo bar 80 juu ya pistoni. Kwa eneo la sentimita za mraba 76.1, kani hiyo ni sawa na uzito wa tani 6.

Lori hilohilo likipanda Mlima Kitonga na kuendelea mpaka Mbeya, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi. Kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa asilimia 18 hivi kuliko pwani. Ubaridi wa huko hurudisha sehemu ndogo ya upungufu huo, na hatimaye silinda hupata hewa pungufu kwa asilimia 16. Pampu ya kizamani haina habari ya jambo hili. Huendelea kupeleka milimita za ujazo 57 zilezile. Uwiano hushuka kutoka 20 hadi 17 hivi, na lori hufuka moshi mweusi. Moshi huo ni kaboni isiyopata hewa ya kuiteketeza. Ni mafuta yaliyonunuliwa kwa fedha na kutupwa angani.

Hapa msomaji ataona kosa la kuifungua pampu ili kutibu upungufu wa nguvu. Injini inayotoa moshi mweusi haikosi mafuta. Inakosa hewa, au inashindwa kuyatumia mafuta iliyonayo. Kuiongezea mafuta ni kumwongezea ugali mtu aliyepaliwa.

3. Kuchunguza bila kufungua

Fundi mwema hufanana na tabibu: husikiliza, hutazama na hupima kabla ya kupasua. Uchunguzi na ufuate mpango, kuanzia jambo rahisi kwenda kwenye jambo gumu.

(a) Moshi. Moshi mweusi huashiria mafuta mengi kuliko hewa, au nozeli zisizopuliza ukungu bali kudondosha matone. Moshi wa buluu huashiria oili iwakayo, iliyopita kwenye ringi, kwenye miongozo ya valvu au kwenye turbo. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto huashiria mafuta yasiyowaka, au maji ya redieta yaingiayo katika silinda.

(b) Njia ya hewa. Filta ya hewa ikaguliwe kwanza kabisa. Injini ya mfano wetu, ikienda kwa mizunguko 2,400 kwa dakika, huvuta takriban mita za ujazo 355 za hewa kwa saa. Chumba cha darasa chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 144. Kwa hiyo injini ingeimaliza hewa ya darasa hilo mara mbili na nusu kila saa. Sasa hewa hiyo iwe ni ile ya barabara ya vumbi wakati wa kiangazi. Vumbi lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Mpira wa bomba la hewa uliopasuka kwa ufa mmoja tu huifanya filta kuwa pambo, na silinda mpya husagwa katika muda mfupi.

(c) Njia ya mafuta. Nafasi iliyopo kati ya pistoni ndogo ya pampu na mtungi wake ni maikromita 2 hadi 4 tu, ilhali unywele wa mtu una unene wa maikromita 70 hivi. Maji na uchafu katika tangi ni sumu ya pampu. Filta ya dizeli ibadilishwe, maji yaliyotuama chini yake yamwagwe, na hewa iliyoingia katika mabomba itolewe kwa pampu ya mkono.

(d) Mgandamizo. Hiki ndicho kipimo kikuu. Injini ipashwe joto, nozeli zote zitolewe, mafuta yafungwe, kisha geji ifungwe kwenye silinda moja baada ya nyingine huku starta ikizungusha. Geji ya petroli haifai, kwani dizeli yenye afya huleta bar 25 hadi 35. Tuchukue mfano wa somo. Silinda ya 1 hadi ya 6 zimesomeka hivi: 28, 28, 19, 20, 28, 27. Silinda mbili zilizo jirani, ya 3 na ya 4, zimeshuka pamoja. Ringi haziungui wala kuchakaa kwa ujirani namna hiyo. Linaloelekea zaidi ni kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua kati ya silinda hizo mbili. Mwenye lori huyu, kama angenunua ringi za silinda zote sita, angetumia fedha nyingi na ugonjwa ungebaki palepale.

Mafundi wengi hutia oili kidogo katika silinda dhaifu na kupima tena. Kanieneo ikipanda, husema ringi ndizo zilizochakaa. Katika injini ya petroli kipimo hiki ni kizuri. Katika dizeli kinahitaji uangalifu, kwa sababu nafasi iliyo juu ya pistoni ni ndogo. Kijiko kimoja cha chai, yaani sentimita za ujazo 5, huipunguza nafasi ya 64.4 kuwa 59.4, na uwiano wa mgandamizo hupanda kutoka 16 hadi 17.3. Hata silinda yenye afya kamili itaonyesha ongezeko la asilimia 10 hivi. Ongezeko kubwa kuliko hilo ndilo liwezalo kulaumiwa kwenye ringi. Oili nyingi zaidi isitiwe kamwe, kwa maana umajimaji haugandamiziki, na konrodi yaweza kupinda.

4. Kazi ya uani na kazi ya karakana

Vipimo vikionyesha kwamba injini lazima ifunguliwe, swali la pili ni hili: kazi ipi yaweza kufanywa nyumbani?

Kusafisha, kubadili filta, kurekebisha nafasi za valvu, kubadili gasketi, na hata kutoa pistoni na kuzirudisha, ni kazi ziwezazo kufanywa uani, maadamu mahali ni safi, pana kivuli, na hapana upepo wa vumbi. Kila kipande kiandikwe namba ya silinda yake na upande wake wa mbele. Kukereza silinda, kusaga krankishafti, kunyoosha uso wa silinda hedi, na kupima nozeli na pampu ni kazi za karakana yenye mashine. Fundi asemaye kwamba atairekebisha pampu kwa kusikiliza sauti tu anabahatisha kwa mali ya mtu mwingine.

Silinda hedi ikishatolewa, uso wake upimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na vibamba vya kupimia nafasi. Ikiwa imepinda kuliko sehemu moja ya kumi ya milimita, au kiasi kitajwacho na kitabu cha injini hiyo, gasketi mpya haitadumu. Unene wa gasketi nao una maana. Tuseme fundi ametia gasketi iliyo nene kuliko ya asili kwa nusu milimita. Nafasi iliyo juu ya pistoni itaongezeka kwa sentimita za ujazo 3.8, kutoka 64.4 hadi 68.2, na uwiano utashuka kutoka 16 hadi 15.2. Nusu milimita hiyo itaonekana asubuhi ya baridi. Boliti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa kutumia spana yenye kipimo.

Sasa tuzifikie ringi. Ringi ni duara lililokatwa, lenye mwanya mdogo kati ya ncha zake. Kwa silinda ya mfano wetu mwanya huo huwa kiasi cha milimita 0.35. Silinda ikilika kwa milimita 0.25 katika kipenyo chake, mzingo wake huongezeka kwa 3.14 mara 0.25, yaani milimita 0.79. Ringi mpya ikitiwa humo, mwanya wake utakuwa milimita 1.14, zaidi ya mara tatu ya unaotakiwa. Gesi ya moto itapita hapo kama maji yapitavyo kwenye ufa wa tangi.

Isitoshe, silinda haichakai sawasawa. Hulika zaidi juu, ringi zinapogeuka, ambako joto ni kali na oili ni chache. Kwa hiyo ringi mpya katika silinda iliyochakaa hutanuka ikipanda na kubanwa ikishuka, mara 40 kwa sekunde kwa mwendo wa mizunguko 2,400. Haiwezi kukaa vema wala haitaishi siku nyingi. Kanuni ifuatayo yafaa kukumbukwa: silinda ipimwe juu, kati na chini, kwa pande mbili zinazokingamana. Ikiwa uchakavu ni mdogo, ringi mpya zitafaa. Ikiwa ni mkubwa, bomba la ndani la silinda, liitwalo slivu, libadilishwe au likerezwe pamoja na pistoni mpya. Hakuna njia ya tatu.

Thamostati irudishwe mahali pake. Fundi wengi huiondoa wakidhani kwamba katika nchi ya joto haina kazi. Kinyume chake, injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto, mafuta yasiyowaka huosha oili katika kuta za silinda na kuizimua oili iliyo chini, na uchakavu huongezeka. Injini ikichemka, dawa ni kusafisha redieta na kukagua belti na pampu ya maji.

5. Kuongeza nguvu: njia tatu na mipaka yake

Nguvu ya injini hutokana na kiasi cha mafuta kinachowaka vizuri kwa kila dakika. Kwa hiyo kuna njia tatu za kuiongeza.

Njia ya kwanza ni kuongeza mafuta. Tumeshaona kwamba bila hewa ya kutosha njia hii huleta moshi. Pia huleta joto. Mafuta yanayoendelea kuwaka kwa kuchelewa hutoka nayo moto kwenye valvu za kutolea moshi, na vichwa vya pistoni, ambavyo ni vya aluminiamu, hulainika. Pistoni nyingi zilizotoboka juu zilitobolewa kwa bisibisi iliyoigusa skrubu ya pampu.

Njia ya pili ni kuongeza mwendo kwa kuichezea gavana. Kani inayovuta konrodi pistoni inapogeuka kileleni hukua kwa mraba wa mwendo. Injini iliyowekewa kikomo cha mizunguko 2,800 ikipelekwa mpaka 3,200, mwendo umeongezeka kwa asilimia 14 tu, lakini kani hiyo imeongezeka kwa asilimia 31. Boliti za konrodi hazikuombwa ushauri.

Njia ya tatu ni kuongeza hewa, na hii ndiyo njia ya kisayansi. Turbo ni feni izungushwayo na moshi utokao, nayo huisukuma hewa kwenye silinda. Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Tuseme turbo inaongeza kanieneo ya hewa mara 1.5. Je, silinda itapata hewa mara 1.5? La. Hewa iliyogandamizwa hupata joto, na katika turbo ya kawaida itatoka nyuzi 27 hadi nyuzi 80 hivi. Densiti yake, basi, itaongezeka mara 1.5 × 300 ÷ 353, yaani mara 1.27 tu. Tukiipoza hewa hiyo mpaka nyuzi 50 kwa kuipitisha katika redieta ya hewa, densiti itapanda mara 1.39. Ndiyo maana malori ya kisasa yana redieta mbili mbele, moja ya maji na moja ya hewa.

Lakini turbo haifungwi kama taa. Kanieneo ya mgandamizo na ya mwako hupanda pamoja na hewa. Watengenezaji wanapotoa injini ya aina moja yenye turbo na isiyo na turbo, mara nyingi hupunguza uwiano wa mgandamizo katika ile yenye turbo, huimarisha pistoni, ringi na beringi, na huongeza upoozaji wa oili. Anayetaka kuifunga turbo kwenye injini ya zamani na aanze na injini ambayo mtengenezaji aliitoa pia kwa sura ya turbo, na abadili vipande vyote vinavyohusika. Vinginevyo, afadhali atafute injini nzima ya aina hiyo.

Jambo moja husahauliwa. Nguvu ya kupanda mlima haisaidii kuushuka. Lori la tani 15 likishuka mteremko wenye kimo cha wima cha mita 500 hutoa nishati ya megajuli 73.5, itoshayo kuchemsha lita 250 za maji kutoka nyuzi 30 hadi 100. Joto hilo lote lazima liende kwenye breki na kwenye injini inayovuta nyuma. Mwenye lori aliyeongeza nguvu ya injini na kuongeza mzigo bila kufikiria breki ameandaa ajali.

6. Hadhari

Nozeli za injini za zamani hufunguka kwenye bar 200 hivi. Za injini za kisasa, zilizo na bomba moja la pamoja, hupata bar 1,600 hata zaidi ya 2,000. Ukungu wa dizeli kwa kanieneo hiyo hupenya ngozi kama sindano, na jeraha dogo lisilouma sana laweza kusababisha mtu kukatwa mkono. Asitokee mtu kuupima kwa kidole, na aliyepenywa apelekwe hospitali saa ileile. Desturi ya kulegeza nati za mabomba injini ikinguruma ili kutafuta silinda mbovu ilikuwa ya injini za zamani. Katika injini za kisasa ni hatari ya kifo.

Turbo iliyochakaa huweza kuvujisha oili katika njia ya hewa, na injini ikaendelea kunguruma kwa oili yake yenyewe hata baada ya swichi kuzimwa. Injini hiyo huzimwa kwa kuinyima hewa, kwa ubao mzito au kwa kifaa maalumu, kamwe si kwa kiganja. Lori lililoinuliwa kwa jeki liwekewe magogo imara kabla mtu hajaingia chini. Injini isiungurumishwe ndani ya banda lililofungwa: mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vijulikanavyo kusababisha saratani kwa binadamu. Oili chafu nayo isimwagwe uani. Ardhi iliyoinywa oili hiyo ndiyo ichujayo maji ya kisima cha nyumba hiyohiyo.

Hatimaye, tusiwadharau mafundi wetu wa chini ya miembe. Wengi wao wana mikono na masikio ambayo chuo hakiwezi kuyatoa. Wanachokosa aghalabu ni geji, rula na kitabu cha vipimo, pamoja na mazoea ya kuandika kile walichokipima. Mwanafunzi wa sekondari ajuaye kukokotoa uwiano wa mgandamizo, na fundi ajuaye kuishika spana, wakikaa pamoja mbele ya injini moja, kila mmoja atakuwa mwalimu wa mwenzake, na lori litarudi barabarani likiwa na afya ya kweli.

Maswali

1. Gasketi mpya ya injini ya mfano wetu ni nene kuliko ya asili kwa milimita 0.8. Tafuta uwiano mpya wa mgandamizo.

2. Silinda imelika kwa milimita 0.40 katika kipenyo. Ringi mpya ilikuwa na mwanya wa milimita 0.35 katika silinda isiyochakaa. Mwanya wake sasa ni kiasi gani?

3. Gavana imerekebishwa ili injini ipande kutoka mizunguko 2,600 hadi 3,000 kwa dakika. Kani inayovuta konrodi kileleni imeongezeka kwa asilimia ngapi?

4. Lori halitoi moshi Dar es Salaam lakini hufuka moshi mweusi Mbeya. Dereva anataka pampu "ifunguliwe" ili lipate nguvu ya mlima. Mwandikie ushauri wa aya moja, ukitumia tarakimu.

Majibu: 1. Takriban 14.7 kwa 1. 2. Milimita 1.61. 3. Asilimia 33. Swali la 4 lijadiliwe darasani, na ikiwezekana fundi wa jirani aalikwe.